Nani Kumbaro wa Thodoros

Aliyenisimulia kisa hiki kwanza ni shangazi yangu Polixeni, siku ya arobaini ya Mzee Apostolis, mwaka 1991, tukiwa jikoni kwake tunaosha sahani za wageni. Baadaye nilikisikia kwa watu wengine watatu, na kila mmoja alikuwa amekiongezea chumvi. Ninachokiandika hapa ni cha shangazi, kwa sababu yeye alikuwepo, na kwa sababu sikuwahi kumsikia akijitafutia sifa.

Mume wake, Zisis, alikuwa na mkahawa kwenye uwanja wa kijiji chetu, Kalirahi. Nje ya mkahawa, chini ya dirisha, palikuwa na benchi la mbao za msonobari. Halikupendwa kwa uzuri, maana lilikuwa na msumari uliokwisha kuchana suruali za vizazi viwili. Lilipendwa kwa sababu upande wa pili wa ukuta ndipo lilipokaa jiko la kuni, na ukiegemea mgongo ulipata joto hata kama theluji ilikuwa bado juu ya mapaa. Waliolikalia kila siku walikuwa wanne. Lambros, aliyeitwa Kapteni, ingawa baharini alikuwa mpishi. Stergios, katibu wa kijiji, aliyeitwa Profesa kwa kuwa alisoma sekondari na hakumruhusu mtu kulisahau hilo. Vangelis kinyozi, aliyeitwa Redio, kwa sababu alikuwa wa kwanza kununua redio kijijini, na yeye mwenyewe hakuwa na pa kuzimia. Na Apostolis, mwenye nyumbu, ambaye hakuhitaji jina la utani. Nusu ya kijiji walimwita kumbaro, na ilikuwa haki yake.

Kwetu kumbaro ni yule aliyekubatizia mwanao, au aliyekuvisha taji siku ya ndoa yako. Ndugu wa tumbo moja unaweza kugombana naye juu ya mpaka wa shamba, mkanyimana salamu miaka kumi, watu wakaelewa. Kumbaro hugombani naye. Tena watoto waliopakwa mafuta ya ubatizo kwa mkono mmoja wamekuwa ndugu. Hawaoani, kama vile wasivyooana waliozaliwa nyumba moja. Kwa hiyo mtu mwenye akili huchagua mapema: ama anabatiza wavulana tu, ama wasichana tu, asije akawafungia watu njia. Apostolis alichagua wavulana.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi ya Nyama, mwaka 1964, siku ambayo kila nyumba huchoma nyama kabla ya Kwaresima kuingia. Jumapili iliyofuata ilikuwa ya mwisho kufunga ndoa hadi Pasaka ipite. Siku hiyo ndipo Sotiris, mwana wa Kleoniki, angemwoa Garifalia, binti wa Thodoros, na katikati ya wiki angepanda treni kwenda kufanya kazi ya kiwanda Ujerumani, yeye na mkewe. Karatasi zao zote mbili zilikuwa tayari. Bila ndoa, ya binti haikuwa na kazi.

Apostolis alikuwa amemtoa Sotiris kwenye maji ya ubatizo alipokuwa mtoto mchanga, na ndiye ambaye angemvisha taji. Asubuhi hiyo aliwaagizia wenzake kahawa. Shangazi alikuwa jikoni, dirisha likiwa wazi kwa ajili ya moshi, na kila kilichosemwa benchini kilimfikia.

— Nimebatiza wavulana tu, alisema Apostolis, akikuna kidevu kilichotoka kunyolewa. Maisha yangu yote. Hakuna msichana wa kijiji hiki atakayekosa mume kwa ajili yangu.

Walikuwa wamelisikia hilo mara nyingi, na kwa kawaida walilipitisha kimya. Lakini siku ile Redio alikuwa na jambo lililomkaa kooni tangu juzi. Msafiri mmoja aliyemnyoa alikuwa amemwambia kwamba neno lenyewe, kumbaro, si letu. Ni la Kituruki, na maana yake ni kile kibweta cha udongo ambacho watoto hutumbukizia sarafu.

— Na mimi nimefikiri sana, alisema Redio, nikaona ni kweli tupu. Kumbaro ni nani? Ni yule anayelipa mishumaa, anayelipa nguo za mtoto, anayelipa lozi za sukari. Unamtikisa, zinatoka.

Apostolis alisema hajawahi kutikiswa na mtu. Profesa yeye hakucheka. Aliweka kikombe chini, kwa upole wa mtu anayejiandaa kuumia kwa niaba ya taifa, akasema kwamba neno ni la Kigiriki na haliwezi kuwa kitu kingine. Likiangaliwa vizuri, alisema, linatoka kwenye kumbi, yaani kifungo cha nguo. Mtoto akishatoka majini, ni nani anayemvika nguo mpya na kumfunga vifungo? Kumbaro. Basi.

— Profesa, babu zetu walikuwa wakijifunga mashuka, alisema Kapteni. Vifungo walivitoa wapi?

— Wewe umejifunza historia jikoni.

— Jikoni lakini Napoli. Wewe umejifunzia Kalirahi.

Hapo Kapteni alipata nafasi aliyokuwa akiingoja. Shangazi alisema mtu huyo hakuwa na haraka hata nyumba ikiungua. Alikunywa kwanza, akajifuta masharubu, ndipo akaanza safari. Kule Napoli, alisema, alisikia makuli wakiitana kompare, na alipouliza, akaambiwa ni yule aliyekubatizia mwanao. Valparaiso alisikia kompadre, kutoka kwa mtu aliyemkumbatia, akamwita hivyo mara mbili, kisha akaondoka na viatu vya Kapteni. Konstansa Waromania walisema kumatru. Wahungari wa mto ule mkubwa walilikata mkia, wakasema koma. Marsei nako lipo, lakini huko limeharibika: ni yule mwenzake mchezesha karata wa mtaani, anayejifanya mpita njia na kushinda ili wajinga waweke pesa.

— Kila bandari niliyotia nanga, neno lipo. Hili ni neno la meli, bwana. Waveneti, wale wafanyabiashara wa Italia, walilipakia pamoja na chumvi, wakalishusha kila gati, na sisi tukaliokota kama wengine.

Profesa alisema basi Waitalia walilichukua kwetu, kama walivyochukua kila kitu. Kapteni akamuuliza kama wao ndio waliochukua, mbona kwao linafumbuliwa lote na kwetu halifumbuliki? Kwao, alisema, ni kama kusema pamoja na baba. Padre mmoja wa melini alimweleza: zamani sana Warumi walikuwa na maneno mawili hayo, pamoja na baba, wakayabana yakawa moja.

Redio, ambaye hakupenda mazungumzo yampite, sasa alidai kwamba neno linatokana na mlio wa bunduki za harusini. Hata yeye mwenyewe hakulirudia. Mabishano yalikuwa yamebaki kati ya wawili, na kwa mara ya kwanza yalikuwa juu ya kitu chenye maana. Profesa alishika kwamba kumbaro ni kumbaro kwa sababu ya mtoto: anampokea majini, anampaka mafuta, anamtamkia imani kwa kuwa yeye hajui kusema. Kapteni alishika kwamba hapana, ni kwa sababu ya baba.

— Sikiliza, Stergios. Sotiris anamwitaje huyu Apostolis? Anamwita baba wa ubatizo. Hamwiti kumbaro. Anayemwita kumbaro ni nani? Ni babake Sotiris, Mungu amrehemu, alipokuwa hai. Neno ni la wanaume wawili. Mmoja ana mtoto, mwingine anakuja wakati mtoto anahitaji baba wa pili, anasimama naye. Tangu siku hiyo wao ni baba mmoja mwenye miguu minne. Mafuta ni mafuta tu.

Shangazi aliniambia kwamba hata yeye, jikoni, alisimamisha kijiko, kwa sababu lilikuwa jambo la kweli na lilitoka kwa Lambros. Redio naye alilipenda sana. Alilipenda hata akataka kulipamba kwa mfano, na mfano wa karibu aliokuwa nao ndio huu:

— Ndiyo maana Thodoros anamwita Apostolis kumbaro. Tangu ile theluji.

Akajisikia mwenyewe akisema. Wote wakamsikia.

Lazima nieleze theluji ile, ingawa kwetu haihitaji kuelezwa. Desemba ya mwaka 1943 Wajerumani walipanda, na kijiji kizima kikakimbilia kwenye mabanda ya wachungaji juu ya mlima. Athina, mke wa Thodoros, alijifungua bandani. Thodoros alikuwa ameshuka kutafuta unga. Mtoto alitoka wa bluu, halii. Padre alikuwa upande wa pili wa bonde, na njia ilikuwa imefungwa. Kwetu, mtoto akiwa anakufa na padre hayupo, Mkristo yeyote anaweza kumnyanyua hewani mara tatu, kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho, akampa jina. Akifa, amekufa na jina. Akipona, padre humbatiza baadaye kwa maji na mafuta. Mwanamume pekee aliyekuwa bandani ni Apostolis na nyumbu wake. Alimnyanyua. Mtoto akalia. Majira ya kuchipua padre akambatiza, na mama wa ubatizo akawa binamu yake Athina aliyeishi mjini, ambaye sasa ni marehemu. Wakamwita Garifalia, jina la mama yake Thodoros. Na Thodoros, aliporudi na unga wake akakuta mtoto yu hai, alimwita Apostolis kumbaro, na hakuacha.

Miaka ishirini kila mtu alikijua kisa hiki. Apostolis alikisimulia kila sikukuu. Wala hakuna aliyewahi kukiweka sahani moja na ile habari ya wavulana tu.

Kama kule kunyanyuliwa kulihesabika, Sotiris na Garifalia walikuwa ndugu wa mkono mmoja. Upande wa pili wa uwanja, Kleoniki, mama yake Sotiris, alikuwa anajaza ndoo kwenye bomba la mawe. Kleoniki hakuwa amemtaka Garifalia. Alikuwa amemtaka binti wa mwenye kinu, ambaye angekuja na mashamba mawili na duka mjini Yanina, na tangu uchumba ulipotangazwa alikuwa akitafuta ufa wa kutia kidole. Na padre wetu alikuwa mgeni, aliyekuja vuli iliyopita kutoka tambarare, mtu wa sheria. Desturi yake ilikuwa kumsimamisha kumbaro mbele ya ikoni, ile picha takatifu, Jumamosi kabla ya ndoa, amuulize: kati ya hawa wawili, kuna udugu wa damu, au wa ndoa, au wa ubatizo? Ukisema upo, au ukisema hujui, anamwandikia askofu. Askofu hajibu kabla ya Pasaka. Na baada ya Pasaka Sotiris yuko Ujerumani, na Kleoniki yuko hapa, na binti wa mwenye kinu yuko hapa.

— Punguza sauti, Redio, alisema Profesa, ingawa Redio hakuwa amesema kitu.

Kisha wakaanza wote kulitengeneza jambo, na hapa ndipo shangazi, miaka ile yote baadaye, aliweka sahani chini acheke. Profesa, ambaye tangu asubuhi alikuwa akilipigania neno kama mpaka wa nchi, sasa aligundua kwamba ni la Kiitalia. La Kiitalia kabisa. Alisema amelifikiria upya, na Lambros amesema kweli: neno la mabaharia, limeingia kwa mlango wa nyuma, Kanisa halilijui. Kanisa linajua mpokezi, yule wa majini na mafuta. Thodoros akimwita mtu kumbaro, ni kama Kapteni anavyoitwa Kapteni.

Kapteni aliudhika. Haikuwa kwa ajili ya meli. Alisema neno limezunguka dunia nzima, limeingia kwenye midomo ya Wahispania na Wahungari, na kila mahali linamaanisha jambo lile lile, wanaume wawili wasioweza kugeukana. Na sasa Profesa anataka kulitupa jalalani kwa sababu limekaa vibaya Alhamisi moja. Alishindana hivyo kidogo, kisha akakumbuka harusi ni ya nani, akapunguza. Akasema labda, pengine, kule Marsei wanajua zaidi.

Redio alipendekeza hewa isihesabiwe kwa kuwa ilikuwa ndani ya banda. Profesa alisema paa halina uhusiano. Redio akasema basi labda alimnyanyua mara mbili. Wote wakamgeukia Apostolis, kwa matumaini.

Apostolis, tangu theluji ilipotajwa, alikuwa ameishika tasbihi yake bila kuihesabu.

— Mara tatu, alisema.

— Ulikuwa na hofu, alisema Profesa. Mtu mwenye hofu hahesabu.

— Nilihesabu.

— Apostolis, ndugu yangu. Tunakusaidia.

— Mnanisaidiaje? Tangu hapo mnaniambia haikuwa kitu. Huyu anasema hewa, huyu anasema Kiitalia. Nilikuwa na mtoto viganjani, mwepesi kama sungura aliyechunwa, na mama yake ananitazama. Sikuwa na maji, sikuwa na mafuta, sikuwa na padre. Nilikuwa na mikono hii. Maisha yangu nimebeba unga na chumvi na mbao za watu. Kitu kimoja nilichobeba ambacho ningependa kuulizwa nacho nikifika huko juu, ni kile. Sasa mniambie, kama haikuwa kitu, nilikuwa nafanya nini?

Kapteni alitazama viatu vyake. Redio, kwa sababu hakuweza kuvumilia kimya, aligonga dirisha na kuagiza kahawa nyingine. Haikuja. Akagonga tena. Zisis akatoa kichwa mlangoni akasema hajui mkewe alipo, na birika ni tupu.

Shangazi alikuwa ametoka kwa mlango wa nyuma. Alipanda ngazi za mawe hadi kwa Thodoros, akamkuta Garifalia na mama yake wanakunja shuka za kwenda nazo Ujerumani. Nilimuuliza alimwambia nini. Alinijibu: Nilimwambia, wanaume wanne wanakuamulia maisha kwa kufumbua neno. Nenda mwenyewe. Nilimuuliza kama ndiye aliyemfundisha la kusema. Aliapa kwamba hapana, na shangazi hakuwa mtu wa kuapa.

Wasichana hawakuwa wakija kwenye benchi lile. Walipita mbali, wakitazama mbele. Kwa hiyo Garifalia alipovuka uwanja moja kwa moja, kitambaa kichwani, mikono bado ina harufu ya sabuni, wale wanne walisogea kumpa nafasi, kama watu wanaotaka kukaa na kusimama kwa wakati mmoja. Kleoniki, kwenye bomba, aliiacha ndoo ifurike. Shangazi alirudi jikoni kwa mbio, akasimama kando ya dirisha.

Profesa alianza. Alimwita binti yangu, akamwambia asiwe na wasiwasi, suala linachunguzwa, kuna upande wa Kanisa na kuna upande wa lugha. Garifalia alimsikiliza hadi mwisho, maana alilelewa vizuri. Kisha akamgeukia Apostolis.

— Mzee Apostolis, Jumamosi padre atakuuliza.

— Ataniuliza, mwanangu.

— Na wewe mbele ya ikoni husemi uongo.

— Sijawahi.

— Sikuja kukuomba uuseme. Nimekuja kukuuliza jambo moja, kwa sababu kila mtu ananisimulia usiku ule ila hili. Uliponinyanyua, uliniita nani?

Kapteni na Profesa walitazamana. Walikuwa wamekisikia kisa kile kwenye kila Pasaka na kila Krismasi, na baridi yake, na nyumbu aliyekuwa akipumua mlangoni, na rangi ya mtoto. Na ni kweli, jina hawakuwahi kulisikia. Wala hawakuwahi kuuliza. Aliitwa Garifalia, jina la bibi yake, lakini jina hilo lilikuja na maji, miezi kadhaa baadaye. Hewani hakuwa Garifalia. Hewani alikuwa mtu mwingine, na aliyemjua ni Apostolis peke yake.

Profesa ndiye aliyeona kwanza. Shangazi alimsikia akivuta pumzi. Kwa sheria yoyote, ya Kanisa au ya kijiji, ubatizo bila jina si ubatizo. Kama lilikuwepo jina, Apostolis ni baba wa huyu binti aliyesimama mbele yake, na Sotiris ni kaka yake, na shuka zifunguliwe. Kama halikuwepo, basi mwenye nyumbu mmoja alimnyanyua mtoto mmoja kwenye banda, mara tatu. Profesa alitaka kulisema hilo kwa sauti. Kapteni akamkanyaga mguu.

Apostolis alimtazama Garifalia kwa muda mrefu. Alikuwa ameketi na yeye amesimama, kwa hiyo alilazimika kuinua uso. Mtu huyo alikuwa akikumbuka majina ya nyumbu waliokufa kabla ya vita.

— Hakukuwa na jina, mwanangu, alisema. Nilikuwa nakupasha moto tu.

Garifalia aliinama, akaushika mkono wake wa kulia, akaubusu, kwanza mgongoni, kisha akaugeuza akaubusu kiganjani, jambo ambalo kwetu halifanywi. Akaondoka alivyokuja. Alipompita Kleoniki alimsalimia kwa heshima zote, akamfungia bomba.

Waliobaki walitazama vikombe vitupu. Hatimaye Redio alisema, kwa sauti ya chini ambayo haikuwa yake, kwamba kwa kweli yule msafiri wa kibweta alikuwa mtu asiyejua kitu. Profesa akakubali. Kapteni alimuuliza Apostolis kama anataka kusindikizwa nyumbani. Apostolis alisema ana nyumbu wa kulisha, akaenda peke yake.

Jumamosi padre aliuliza, na Apostolis alijibu kwamba hakuna udugu wowote kati yao. Jumapili aliwavisha mataji, akayabadilisha juu ya vichwa vyao mara tatu, na mikono yake, shangazi alisema, ilikuwa imetulia kuliko ya mtu yeyote kanisani. Kleoniki alikula nyama, akalalamika kwamba ina chumvi. Katikati ya wiki wakapanda treni. Thodoros aliendelea kumwita Apostolis kumbaro hadi alipokufa, na sasa kwa kuwavisha taji watoto hakuna aliyeweza kumpinga. Kile kisa cha theluji Apostolis hakukisimulia tena, si Krismasi, si Pasaka, na mtu mwingine akianza kukisimulia alitoka nje kutazama nyumbu.

Nimeandika kwa uangalifu nilivyoweza. Kwa wanaohusika: Apostolis alifariki mwaka 1991. Profesa na Kapteni walimtangulia, Profesa kwa mwaka mmoja tu, Redio alimfuata. Thodoros na Athina wamezikwa pamoja. Kleoniki aliishi miaka tisini na miwili na alikufa akiwa kwa mkwewe huyo huyo aliyemkataa, Stuttgart, hakutaka kulishwa na mwingine. Zisis amefariki, na shangazi Polixeni amefariki. Sotiris alifariki majira ya joto yaliyopita. Walio hai ni Garifalia, ambaye ana afya nzuri na macho mabovu, na watoto wake wawili. Wa kwanza ni binti, Asimina, na kwetu jina la mtoto hurithiwa ukooni. Nimeupitia ukoo wa Thodoros na ukoo wa Sotiris hadi ninapoweza kufika, na sikumkuta Asimina hata mmoja wa kumrithisha jina. Mama yake Apostolis ndiye aliyeitwa hivyo.